Kifua cha Ndinda

Athi River,
Jumapili alasiri.

Baba mpendwa,

Nakusalimu wewe na mama yetu, Mwaitu, nikitumaini barua hii itawakuta mkiwa wazima. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Na Mwaitu, presha imetulia, au bado anaficha vidonge chini ya mto halafu anasema amekunywa? Mwambie nimeuliza. Sisi huku tuko salama. Kazi ya kushona inaendelea. Mwezi huu tunashona suruali za wanaume wa ng'ambo, na ni wanaume wakubwa kweli, maana kiuno kimoja mimi na Ndinda tunaweza kuingia pamoja na nafasi ibaki.

Barua yako niliipata, nikaisoma nikiwa nimesimama mlangoni, sijavua hata viatu. Unasema kuna mwalimu mpya amehamishiwa shule ya wasichana huko kwetu Masinga, anaitwa Madam Kalondu. Unasema anasali kwenye kanisa letu na anasoma somo la kwanza vizuri. Alikuja nyumbani akamletea Mwaitu sukari na majani ya chai, akalia mbele yenu, akaomba umwandikie binti yako aondoe mashtaka yake kwenye ofisi ya elimu kabla kesi haijasikizwa. Na wewe, kama katekista na kama baba, unaniomba nisamehe.

Baba, mimi nakuheshimu. Lakini unaniomba nisamehe jambo usilolijua. Mwaka jana niliwaambia tu kwamba Ndinda alishikwa na kifua shuleni akapelekwa hospitali akapona. Nilifupisha kwa ajili ya presha ya Mwaitu. Leo nakuandikia yote. Soma kwanza peke yako.

Unajua mdogo wangu Ndinda alizaliwa na pumu. Pale nyumbani haikuwa shida kubwa. Mwaitu alijua asimpe ufagio, na msimu wa baridi alimfunika kifua kabla hajatoka nje. Alipopata nafasi kwenye ile shule ya bweni karibu na Machakos mjini, sote tulicheza. Alienda na inhela yake ya kuvutia dawa mfukoni, ile ya bluu, na maelezo ya daktari.

Wiki ya kwanza tu, inhela ikachukuliwa. Madam Kalondu ndiye alikuwa deputi, naibu wa mwalimu mkuu. Alikuwa ametangaza kwamba dawa zote zikae kwenye kabati la ofisi yake, eti kuna msichana alishikwa akiuzia wenzake vidonge. Ukiumwa, unaenda kuomba. Kabati lina kufuli na ufunguo ni yeye anao.

Ndinda alikuwa akienda kuomba. Mara ya kwanza alipewa. Mara ya pili akaulizwa mbele ya walimu wengine, "Wewe tena? Hiki kifua chako kinajua ratiba? Mbona kinaamka saa ya hesabu tu?" Walimu wakacheka. Tangu hapo akawa anajikaza mpaka ashindwe kabisa.

Na hakuwa peke yake, Baba. Kulikuwa na msichana wa vidonda vya tumbo ambaye kila siku alikuwa anakula githeri ya maharagwe mabovu na kujikunja, kwa sababu chakula cha wagonjwa kilifutwa. Mwingine, siku zake zikifika, hawezi kusimama kwa maumivu, lakini anatolewa kitandani kwa fimbo aende paredi. Wote jina lao lilikuwa moja: wavivu.

Hebu fikiria maisha ya mtoto namna hiyo. Mapema asubuhi wanakimbizwa kwenye barabara ya murram, vumbi la miguu ya shule nzima linamwingia yeye wa nyuma. Kwa sababu ni wa mwisho, anaadhibiwa. Adhabu yenyewe ni kufagia madarasa. Unaona? Anapewa vumbi kwa kosa la kushindwa na vumbi. Usiku halali, anakaa ameegemea ukuta, maana akilala chali hewa haitoshi. Mchana anasinzia darasani, anaambiwa hana nidhamu. Wenzake wakampa jina Redio, kwa ile sauti ya kifua, wakawa wanamwambia atafute stesheni. Mtoto aliyekuwa wa mbele darasani akateremka mpaka mkiani. Kwaya akaiacha. Yule Ndinda wetu, ambaye mlikuwa mnamsikia akiimba mtoni kabla hamjamwona!

Alipokuja kwangu likizo ya katikati ya muhula, alikaa kitandani akaniuliza, "Dada, kuna shule mtu anaweza kusoma bila kutembea?" Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Kisha ikafika ile asubuhi ya mwezi wa saba. Ukungu ulikuwa mzito, baridi ya kukata masikio. Ndinda alikuwa amekohoa tangu jana yake. Aliomba asikimbie. Madam Kalondu, akiwa amevaa koti zito na skafu, akamwambia, "Kimbia. Hata nyanyangu anakushinda." Akakimbia. Hakufika mbali. Rafiki yake Mukami, ambaye wazazi wake wana duka Matuu, ndiye aliyemwona akianguka, midomo imegeuka rangi kama ya majivu.

Mukami alirudi mbio kwa deputi. "Madam, tafadhali, ufunguo! Ndinda hapumui!"

"Huyo ako na maigizo. Mwagieni maji."

Wakamwagia, Baba. Maji ya baridi, asubuhi ile ya ukungu, mtoto mwenye pumu. Wasichana wenyewe walikuwa wanalia wakimwagia.

Mukami akamwomba ufunguo tena, akaambiwa uko kwenye mkoba na mkoba uko nyumba ya walimu. Aliyemwokoa ni mpishi, Mzee Musau. Alisikia kelele, akaacha sufuria ya uji motoni, akachukua shoka la kupasulia kuni akaenda kuvunja lile kabati. Alimpa mtoto inhela yake, akambeba mgongoni mpaka kwa lori la shule. Daktari wa zamu aliniambia wangekawia kidogo tu ningeitwa kuchukua maiti.

Na unajua Mzee Musau alipata nini? Alifukuzwa kazi, kwa kuharibu mali ya shule.

Nilienda pale shuleni. Madam Kalondu aliniacha nimesimama mbele ya meza yake huku viti viwili viko tupu.

"Wewe ndiye mama yake?"

"Mimi ni dada yake."

"Unafanya kazi gani?"

"Nashona. Niko kiwandani, EPZ."

"Basi nenda ukashone," akasema, akafungua gazeti. "Mambo ya elimu tuachie sisi. Na mtoto mgonjwa akae kwa mama yake, asituharibie jina."

Nilitoka pale sioni njia. Sitakudanganya, Baba. Kwa wiki nyingi, kila kola niliyoshona ilikuwa shingo ya yule mwanamke. Nilimwombea mabaya. Niliomba apandishwe mlima akiwa amezibwa pua. Kila nilipopewa siku ya ofu nilienda ofisi ya elimu, nikakaa kwenye lile benchi la nje mpaka makarani wakanijua kwa jina. Nilimtafuta Mzee Musau nyumbani kwake, akakubali kueleza. Nilienda Matuu, nikaongea na wazazi wa Mukami, wakamruhusu aeleze. Nilitaka Madam Kalondu asimame mbele ya watu, asomewe alichofanya, sentensi kwa sentensi, na mimi niwe nimekaa kwenye kiti.

Kabla kesi haijasikizwa wakamhamisha. Siku niliyosikia nilinunua nyama, mimi na Ndinda tukala kama Krismasi. Hatukujua ni wapi wamempeleka.

Sasa nikwambie jambo ambalo yeye hakukwambia alipokuwa akilia kwako. Kabla ya kuja kwenu alikuja kwangu. Ilikuwa Jumamosi mchana, nafua nje ya plot tunakopanga. Nikamwona amesimama na mfuko wa matunda. Nilimkaribisha ndani, ndiyo, mlinilea vizuri. Lakini kiti sikumpa, wala chai. Nilimwacha asimame vile alivyoniacha mimi, na nilifurahia. Nilifurahia sana, Baba.

"Mwende, mwanangu," akaanza.

"Mimi si mwanao."

"Mimi pia ni mzazi. Nimebakisha kidogo tu nistaafu. Ukiendelea na hii kesi utaniharibia maisha."

"Ndinda ulimwonea huruma gani?"

"Sikujua ni ugonjwa wa kweli. Wasichana wengi hudanganya. Ukiwa na shule nzima mkononi huwezi kujua nani anasema ukweli." Machozi yakamtoka. Yalikuwa ya kweli, nakubali. Akasema amejifunza, amebadilika, hata usingizi hapati vizuri siku hizi.

Nilikuwa natafuta neno la kumchoma. Nilikuwa nayo mengi, nimeyanoa mwaka mzima. Lakini pazia likafunguka, Ndinda akatoka upande wa kitandani. Alikuwa amesikia yote. Hakumsalimu kwa hasira, alimsalimu vizuri tu, kama mwanafunzi. Halafu akamuuliza, "Madam, kule shule ulienda, dawa za wasichana ziko wapi?"

Madam Kalondu akapangusa macho. "Ziko salama."

"Ziko kwa mifuko yao ama ziko kwa kabati?"

Akafungua mkoba wake, akaufunga.

"Ufunguo ni nani anao, Madam?"

Baba, yule mwanamke alinitazama mimi, akamtazama mtoto, akatazama sakafu. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini, "Huo ni utaratibu tu wa shule."

Nilimfungulia mlango, nikamrudishia matunda yake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Siondoi mashtaka. Usiniambie amelia, maana hata mimi nimemwona akilia, na alilia ufunguo ukiwa ndani ya mkoba wake. Sijidai kwamba roho yangu ni safi. Nataka aumie, na siku ya kesi nitavaa nguo yangu ya Pasaka. Kama hiyo ni dhambi, nitaipeleka mwenyewe kwa padri nikimaliza.

Nakuomba kitu kimoja. Wewe hufundisha dini kwenye shule hiyo aliko sasa kila Jumatano. Jumatano hii, ukimaliza somo, waulize wale wasichana ni nani ana kifua, ni nani ana tumbo, ni nani hukataliwa kulala kitandani siku zake zikiwa mbaya. Waulize taratibu, walimu wakiwa mbali. Ukishawasikia, kama bado utaona nisamehe, niandikie tena na nitaisoma barua yako kwa heshima. Lakini waulize kwanza.

Ndinda sasa anasoma shule ya kutwa hapa karibu. Anatembea polepole, inhela iko shingoni kwa kamba niliyomshonea, na hakuna anayemcheka. Ameanza kupanda darasani. Kuna usiku mwingine analala chali mpaka asubuhi, na mimi naamka kumsikiliza, kwa sababu siujazoea ule ukimya. Mzee Musau anapika kwenye hoteli ndogo hapa nje ya geti la kiwanda chetu, na sahani yangu huijaza kupita kiasi.

Nisalimie Mwaitu. Mwambie ile sukari asiitumie, aigawe. Nisalimie nyanya yetu, Susu, mwambie nimemtafutia shali ya sufu. Nisalimie kaka yangu Kyalo na mkewe, na kitinda mimba wao ambaye nimeambiwa ameanza kutambaa. Wasalimie pia akina mama wa jumuiya wanaotuombea. Wakiuliza waombe nini, waambie waombee wale wasichana walio mikononi mwa Madam Kalondu leo.

Ndinda anataka nifute pale niliposema nataka aumie. Nimekataa.

Ni mimi binti yako, mwenye hasira na mwenye kukupenda,

Mwende