Ambreyaji ya Mama Mukwe

Siku ya kwanza ya juma, 5 Mei

Sirene ya kazi, chai bila sukari, baiskeli, atelie ya kuchonga chuma. Nimechonga akse ine, vyuma vya kuzungusha pompe. Chef, mukubwa wa atelie, hakurudisha hata moja.

Kurudi nyumbani, bibi yangu Ngoie ananiambia mama yake anataka ambreyaji mupya, ile bengine banaita klachi, kwa motokari yake. Ile ya zamani haishike injini tena. Na anataka nifanye mimi. Nikamuuliza mara mbili. Mimi? Mimi.

Miaka sita nimemuoa mutoto wake, na huyu mama hajanifungulia buko, ule mwiko wa mukwe na mama mukwe kuonana. Kwa bengine inapita mwaka moja tu: mama mukwe anapika kuku, mukwe anakula mbele yake, njo imekwisha, banasalimiana, banacheka. Mimi bado. Nikimuona mu balabala ninageuka. Siwezi kumuangalia machoni, siwezi kuikala fasi anaikala yeye. Siku ya mahari alisema muntu wa atelie atamulisha mutoto wake chuma. Sikusahau. Nitakufa nayo.

Siku ya tatu, 7 Mei

Motokari imefika. Ameiacha ku mulango wa lupango, kiwanja yetu, na kurudia na miguu. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko mupaka nikasikia viatu vyake vimeenda mbali.

Mawee, ile kintu! Kadogo, kekundu, milango mibili na ule wa nyuma, injini yenye kupigwa mafuta na sindano. Muzungu mumoja wa mine, kule mugodini, alimuuzia wakati alirudia kwao. Sawa pilipili, kadogo na inauma. Mama anauza samaki, kila juma anaenda Kasomeno na kurudi, na anaendesha kupita banaume.

Dimanche ya 18, siku ya misa, kuko mbio ya motokari ya sikukuu, mupaka Kasomeno na kurudi. Mwanamuke ni yeye peke yake. Mwaka jana ambreyaji ilimuteleza ku mupando: injini inalia, magurudumu haiende, moshi. Kamiyo, lori ya makala, ikamuvuta mupaka mujini na bantu banapiga vigelegele. Safari hii hataki kuvutwa. Na mimi sitaki avutwe na kazi yangu.

Siku ya ine, 8 Mei

Nimetosha bwate ya vitesi, ile sanduku ya gia, peke yangu, na kamba juu ya boriti. Mugongo unauma. Diski ya ambreyaji ya zamani iko nyeusi sawa mukate wa kuungua.

Ambreyaji mupya, ya nguvu zaidi, mama aliiagiza, ilitoka Ulaya ndani ya valizi, sanduku ya safari ya padri mumoja, imefungwa mu kanzu yake. Iko muzuri sana. Lakini volan-moteri, lile gurudumu nzito nyuma ya injini, ni kubwa sawa ya kamiyo. Nikiipunguza uzito, injini itapanda mbio kila akibadilisha vitesi.

Nimemuomba chef mashini ya kuchonga, saa ya kazi ikiisha. Akasema: «Citoyen, ile kintu ikipasuka mu mbio, itakata miguu ya dereva. Unajua?» Ninajua. Na dereva ni mama ya bibi yangu.

Siku ya tano, 9 Mei

Nimechonga. Polepole, ku kando tu, mbali na katikati fasi nguvu inapita. Maganda ya chuma ilitoka ya ndefu, ya bluu. Sikunywa hata maji.

Kisha nikaiweka juu ya makali mabili ya chuma, nione kama iko na upande nzito. Unazungusha kidogo, inasimama. Unazungusha tena, inasimama fasi ingine. Hakuna upande inapenda. Chef akavaa miwani yake, akazungusha mwenyewe mara tatu. Akaenda kuita bengine bakuje kuona.

Ninajisifu, ndiyo. Hii ni kaye yangu, daftari yangu. Nitajisifu mu kaye ya nani?

Siku ya posho, ya sita, 10 Mei

Yote imefungwa. Imebakia pedali. Kuipima lazima kuikala ku kiti ya dereva, na ile kiti ni yake. Kuikala ku kiti ya mama mukwe! Hata Ngoie alishika mudomo.

Nimefungua boloti, nimetosha kiti, nimeiweka ku majani na kuifunika kikwembe. Nimeikala juu ya kasha ya chupa. Nikavuta kable mupaka mguu yangu ikasema hapa. Kisha nikarudisha kiti. Kazi safi, na heshima iko palepale. Mama iko Kasomeno kwa samaki, amepanda kamiyo, anarudi siku ya tano.

Siku ya posho, 17 Mei

Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Asubuhi ilikuwa salongo, kazi ya lazima ya bote. Bantu ba avenue yetu bote inje na majembe, banasafisha mitaro. Njo wakati mama alikuja kujaribu motokari. Akawasha. Ikaruka mara moja, ikazimika. Tena. Mara tano! Vitesi inalia sawa mbuzi. Muntu mumoja akalalamika kwa sauti: «Mukwe ameua motokari ya mama!» Balicheka mupaka banaegemea majembe. Mimi nyuma ya jiko. Nilitaka kupanda baiskeli na kwenda, hata Kasenga.

Ngoie akakuja mbio. «Baba Monga, mama anasema mguu yake haifike chini.»

Mwendawazimu mimi! Miaka sita ya kugeuza uso. Sijui urefu wa mama mukwe. Nilipima pedali kwa mguu yangu, na mimi ni murefu wa kugonga mulango na kichwa. Yeye anaisukuma nusu tu, diski haiachie.

Nikamutuma Ngoie na kamba. Alimupima mama yake kutoka kiuno mupaka kisigino, akafunga fundo, akaniletea. Kamba ile, mawee, ni urefu wa mutoto wa shule. Nikachonga kipande ya mbao ngumu, nikaifunga ku pedali na boloti mbili.

Pedali ikafika. Lakini ikazimika tena. Gurudumu ya injini ni nyepesi sasa, inaomba gazi, mafuta mengi, kabla ya kuachia mguu, na yeye amezoea ile ya zamani. Nani atamufundisha? Kuingia naye mu motokari siwezi.

Nikatoka. Mbele ya bantu bote. Nikasimama mu balabala na kumupa motokari mugongo. Nikamuambia Ngoie: mama aongeze gazi, asikilize mikono yangu, nikipiga makofi aachie mguu. Injini ikapanda. Pale niliisikia iko tayari, nikapiga makofi. Ikazimika. Tena. Makofi. Ikaenda kidogo, ikazimika. Ya sita ikaenda! Ikapita kando yangu, vumbi mu macho, sikugeuka.

Tulifanya vile mupaka jua ya katikati. Mara kumi ilipopita hakuna muntu alicheka tena. Majembe ilikuwa chini, banasikiliza. Mwisho alitoka mimi bado kupiga makofi.

Dimanche, 18 Mei

Niliogopa tangu alfajiri. Ninawaza gurudumu ya injini ikipasuka, miguu ile mifupi.

Mangaribi nikaenda na baiskeli ku arivee, fasi mbio inaishia, nikajificha nyuma ya bantu. Ya kwanza, motokari ya patron moja, tajiri. Ya pili, ya ndugu yake. Ya tatu, kekundu! Ya tatu kati ya tisa, na inakuja na nguvu yake yenyewe, vitesi inaingia sawa mukono mu mufuko. Nikanusa. Vumbi na mafuta tu, hakuna arufu ya diski kuungua.

Bale balimucheka mwaka jana balikuwa pale. Mudomo wazi. Nililia, kweli. Mama alisimama, akaangalia bantu sawa anatafuta muntu. Nikageuka.

Siku ya tatu, 21 Mei

Kazi kama kila siku. Akse mbili.

Nilitoka ku mulango ya atelie, kekundu ilikuwa pale ng'ambo ya balabala, injini inawaka polepole. Nikageuka kama desturi. Nikasikia mulango wa kuume umefunguliwa kutoka ndani. Haukufungwa.

Nikavuka balabala, macho chini. Ku kiti ya kando ya dereva, sufuria na kifuniko, imefungwa na kitambaa. Arufu ya kuku na vitunguu.

«Beba sufuria,» mama akasema, «uikale.»

Nikabeba. Nikaikala. Sufuria ilikuwa ya moto ku magoti. Akaongeza gazi, akaachia mguu. Haikuzimika.