Kibanja cha Mama Hakiuzwi kwa Ajili ya Kamera

Morogoro, Jumanne jioni

Taata, shikamoo.

Natumaini mguu umepungua uvimbe na dawa ya kuchua niliyotuma ilifika. Mimi ni mzima. Ningekuuliza habari za mvua na migomba, lakini nikianza huko nitajifanya sina hasira, na hasira ninayo, baba, imenijaa mpaka hapa shingoni. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukisikia usilolipenda unasema mtandao mbovu, halafu unakata. Hii anakuletea mwinjilisti wetu, aliyekuja huku kwenye semina. Barua haikatiki.

Mama amenipigia akilia. Anasema unataka kuuza kibanja cha chini, kile anacholima yeye ndizi na kahawa, ili umnunulie mwanao Deus kamera mpya. Baba! Kibanja kinachowalisha wote hapo nyumbani, pamoja na huyo Deus mwenyewe?

Najua alivyokuambia. Eti kamera niliyompa ni mbovu, ndiyo maana harusi ya binti wa shangazi kule Kiruruma imemwaibisha. Picha alinitumia, nimeziona zote. Bi harusi wa bluu. Shangazi wa bluu. Mchungaji wa bluu mpaka meno! Aliwapiga wote chini ya turubai la bluu, saa saba mchana, jua linapenya juu yao, sasa alitegemea watoke rangi gani? Nilimwonya kabla ya siku yenyewe: "Deus, mtoe bi harusi nje, msimamishe kivulini pembeni ya nyumba, ndipo umpige." Akanijibu, "Dada, hayo mambo ya zamani. Kamera za siku hizi zinajirekebisha zenyewe." Haya, imejirekebisha? Na bwana harusi amekatwa miguu, na bibi amefumba macho picha zote tatu. Hayo nayo kosa la kamera?

Kamera hiyo hiyo mimi nimeitumia miaka sita. Imenilipia chumba, imenilisha, na hiyo dawa ya mguu wako imetoka kwenye akiba ya humo humo. Sikatai kwamba nilipoanza nilikuwa naharibu kama yeye. Bosi wa studio alikuwa ananitupia picha mezani, "Huyu mtu au mkaa?", kwa sababu nimempiga mteja akiwa ameligeuzia dirisha mgongo, uso wote giza. Nilikwenda kulia chooni, nikanawa, nikarudi kupiga tena. Miezi na miezi nilipiga picha za paspoti tu, mpaka nikajua mwanga unavyokaa usoni kwa watu weusi kama sisi. Deus hajalia hata siku moja. Akikosea yeye, kosa ni la kamera, na wewe unambembeleza kwa kuwa ni wa kiume. Mimi nilipoomba nauli tu ya kuja kujifunza, ulisema picha si kazi ya binti.

Sitaki kuwa mwongo. Kamera ile ina mwisho wake. Kanisani jioni, taa zikiwa hafifu, picha zinatoka na chengachenga, hata mimi nilikuwa nashindwa. Lakini chini ya turubai lile, angekuwa na kamera ya bei kubwa kuliko zote, shangazi angetoka bluu vile vile, tena bluu safi inayoonekana vizuri zaidi.

Sasa linalofuata litakuudhi, lisome umekaa. Yule mnunuzi wa kibanja nimempigia simu mwenyewe. Nimemwambia mama hajaridhia, na akiendelea tutaonana baraza la ardhi. Amesema hataki kesi za familia za watu, amejitoa. Utasema nimekuvunjia heshima. Ndiyo, nimekuvunjia. Na wewe ulipomwita mama mbele ya wazee ukamwambia, "Wewe weka dole tu, mengine hayakuhusu," yeye hukumvunjia?

Deus mwambie kamera anayo. Ampige mama picha kila siku akipalilia, mpaka nipokee moja ambayo naona macho yake sawasawa. Siku hiyo kamera mpya nitanunua mimi, kwa jasho langu, si kwa migomba ya mtu.

Nisalimie bibi. Shangazi mwambie asizichome zile nguo za harusi kwa hasira ya picha, nikija likizo nitawapiga upya yeye na bintiye, bure. Mjomba wa Rugu mpe pole ya ng'ombe wake. Mama usimsomee barua hii kwa ukali, maana hakunituma, nimejituma.

Radhi yako, baba, nitakuja kuiomba kwa magoti. Ila magoti hayo nitayapiga kibanjani, kwenye udongo wa mama, ukiwa bado wa mama.

Ni mimi binti yako mkubwa,
Adventina