Subiri Taa Izimike

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za huyu mwanao, ambaye anaota jino la tatu na usingizi umekuwa kwetu mgeni wa kupita tu. Vinginevyo hatujambo. Je, mgongo wako umepata nafuu? Na shemeji bado anabishana na lile paa linalovuja?

Katika barua yako uliniuliza kama nimeshamnasa yule mwenzangu wa kliniki tunayemwita Bi Taratibu. Nimechelewa kujibu, na sababu utaiona huko chini.

Unajua kazi yetu ni vile vifaa vidogo ambavyo wagonjwa hufungwa kifuani, wakashinda na kulala navyo nyumbani vikirekodi mapigo ya moyo. Kesho yake kifaa kinarudi, tunakiunganisha na kompyuta kwa waya, rekodi inahamia huko, kisha tunakifuta ili avae mwingine. Tuko wawili, kompyuta moja, neno la siri moja. Mwezi uliopita daktari akaanza kukuta rekodi zilizokatika mkia, saa mbili au tatu za mwisho hazipo. Na kila mara ni zile zilizohamishwa jioni.

Jioni anayebaki nyuma ni nani? Bi Taratibu. Macho yangu yakamganda. Hesabu kwenye skrini ikishafika mwisho, yeye hachomoi waya, anakaa tu mikono mapajani. Nikimuuliza anangoja nini, anasema anasubiri taa ya kifaa iache kupepesa. Kisha anaandika kitu kwenye daftari dogo, na nikisogea analirudisha mfukoni. Saa kumi na moja kasorobo ananiambia niende nikamchukue mtoto, zilizobaki atanimalizia. Sasa dada, nani anamaliza kazi ya mwenzake bure? Nikajua ananitoa nisione. Nikamkatalia msaada wake, zangu nikazimaliza mwenyewe chapuchapu, ili mlezi wa mtoto asininunie. Nilipokuandikia hayo ukanijibu kwamba kikulacho ki nguoni mwako, nami nikaona umesema kweli tupu.

Ndipo ikakatika rekodi ya mwalimu mmoja mstaafu. Mzee wa watu alianguka ngazini asubuhi akiwa amekivaa kifaa, na ile saa aliyoanguka ndiyo daktari aliyoitaka, na ndiyo haikuwemo. Sikungoja zaidi. Niliingia kwa daktari nikamwaga yote: daftari, kubaki nyuma, kunifukuza kwa maneno matamu. Bi Taratibu akaitwa. Alisema tu kwamba yeye hajafuta kitu, waiulize mashine. Akaambiwa akae nyumbani mpaka fundi wa kompyuta aje, na daktari akanidokeza kwamba huenda asirudi tena. Alitundika koti lake la kazi msumarini, akaniomba nisisahau kumwagilia ua lake la dirishani. Hata hilo ua nililitilia shaka.

Fundi alikuja Jumatatu, mtu wa maneno mengi na soksi zisizofanana. Alitueleza kwamba kompyuta haiombi kipande kimoja cha rekodi, ikakipokea, ndipo iombe kingine. Ingefanya hivyo waya ungekaa bure kila mara. Inaomba vipande vingi kwa mpigo, vinakaa kwenye foleni, kimoja kikifika kingine kiko njiani. Akasema ni kama mhudumu wa hoteli anayepeleka jikoni oda za meza nzima pamoja, mpishi asikae mikono mitupu. Na ile hesabu kwenye skrini, akasema, inahesabu oda zilizopelekwa, haihesabu sahani zilizofika mezani. Ikionyesha zote, nyingine bado ziko jikoni. Ukichomoa waya hapo, foleni yote inafutwa, na ukikifuta na kifaa basi hakuna pa kuzipata. Kinachosema ukweli ni taa ya kifaa.

Akauliza nani huchomoa waya mapema. Daktari akamjibu kwamba mwenyewe tumeshampeleka nyumbani. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, dada, na nilinyamaza.

Walipoondoka nilitia mkono kwenye koti lililo msumarini. Daftari lilikuwemo. Kila ukurasa una namba ya kifaa, saa hesabu ilipofika mwisho, na saa taa ilipozimika. Dakika nne, dakika saba, siku moja dakika kumi na mbili. Rekodi zake zote zimo. Zile zilizokatika hakuna hata moja, kwa sababu zote ni zangu. Nilikuwa nikiona hesabu imetimia, nachomoa, nafuta, nakimbilia mtoto.

Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo ilikuwa yangu. Sikulaumu wewe, ulinishauri kwa yale niliyokueleza. Siku tatu daftari limekaa kwenye mkoba wangu chini ya nepi. Siku ya kwanza nililisimamisha juu ya pipa la taka, sitakuficha. Nilijiambia nina mtoto. Kisha nikakumbuka ni nani aliyekuwa akinihimiza niende kumchukua mtoto huyo.

Barua hii naiandikia kazini. Mwalimu amekivaa kifaa kwa mara ya pili, amekirudisha leo, naye yuko hapo nje kwenye benchi akisoma gazeti. Hesabu ilitimia nikiwa kwenye maneno ya fundi. Taa bado inapepesa, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika yote haya. Nikifukuzwa tutakuja kwako, ututandikie hata mkeka. Mbusu mama kwa niaba yangu, ila haya usimsomee.

Taa imezimika sasa hivi. Nimeandika saa kwenye daftari lake, chini ya mwandiko wake. Mlango wa daktari uko wazi, naingia nalo.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Kidevu