Msichana Aliyejitwika Mto

Mashimoni, Kibera,
Nairobi.
18 Agosti 1996

Kwa Dada yangu mpendwa Christine,

Pokea salamu zangu, na Mungu azifikishe ukiwa mzima, kile kikohozi cha muhula uliopita kikiwa kimekuachilia. Sisi huku tuko salama. Mama anaendelea kuuza mboga zake kule Silanga, na Baba amepata kazi ya mjengo wiki tatu mfululizo, kwa hivyo nyumbani kuna kucheka. Ken amevunja kikombe chako cha maua. Alinibembeleza nisikuambie, lakini sasa ushajua. Je, huko chuoni mnakula vizuri? Na wale watoto mnaopelekwa kuwafundisha, wanakusumbua?

Uliniagiza nikuandikie kwa Kiswahili cha shule ili insha yangu inyooke. Nitajaribu. Pale Mashimoni itakapochomoza, nisamehe.

Habari kubwa ni kwamba mimi, Filister, ambaye wageni wakija najificha nyuma ya pazia hadi wamalize chai, nimekuwa nikizungumza mbele ya wazee. Usicheke kwanza.

Unamkumbuka Mzee Kabiru, yule mwenye ploti kule Kawangware? Alilipatia kanisa chumba kimoja cha mabati kiwe maktaba ya watoto. Mwezi wa saba wageni wakaacha hapo katoni ya vitabu vya katuni, ishirini na viwili, vipya kabisa, vyote vya wale mashujaa wa kupaa angani na kuinua magari kwa mkono mmoja. Wazee wakasema hakuna mtoto atakayeshika hata kimoja kabla hakijachunguzwa, maana siku hizi, kwa haya maneno ya waabudu shetani, mtu hajui kilichomo ndani ya karatasi. Sasa nani atavisoma? Kiingereza cha Mzee Kabiru kinaishia kwenye salamu. Mama Wangoi, mwalimu wa Sunday school, anasema chake kilibaki darasa la nne. Ndipo Mama yetu, bila kuniuliza, akasimama kanisani akatangaza kwamba binti yake wa Form Two anakunywa Kiingereza kama uji. Nilitamani ardhi ipasuke.

Basi kila Jumamosi natembea hadi Kawangware. Naketi kwenye benchi, Mzee kulia, Mama Wangoi kushoto. Nasoma ukurasa kwa Kiingereza, nawaeleza kwa Kiswahili, wao wanaamua. Siku ya kwanza sauti ilikataa kutoka, hata Mzee akauliza kama huyu mtoto amemeza chura. Lakini nilipofungua kile cha kwanza, dada! Vitabu vyetu vya shule vimepita mikono kumi kabla ya kutufikia. Hiki hakuna mtu aliyewahi kukifungua. Kurasa zilikuwa zimeshikana, zikaachana kwa mlio mdogo. Nyekundu ile sijawahi kuiona popote. Kulikuwa na mtu anaanguka kutoka juu ya ghorofa, vazi lake limejaa upepo, na mimi nikaanguka naye. Nikasahau kuona haya. Nikasoma.

Ungewasikia hao wazee. Swali la Mama Wangoi ni moja tu: hizi nguvu amezitoa wapi? Aliyezaliwa nazo, sawa, huyo ni wa Mungu. Aliyezipata kwa dawa za maabara, awekwe kando kwanza aombewe. Mzee Kabiru naye, kwa vile ni landlord, shujaa akivunja ukuta anashtuka kama ni ploti yake. Nani atajenga tena? Wapangaji watalala wapi? Kuna mmoja aliangusha ghorofa tatu akifukuza mwizi mmoja, Mzee akasema huyo si shujaa, huyo ni tingatinga. Akakataliwa. Mwingine alikuwa amevaa chupi juu ya suruali, na huyo alijadiliwa karibu nusu saa. Mwishowe Mama Wangoi akamtetea, kwamba labda alivaa kwa haraka akikimbilia kuokoa watu. Akapita.

Na mimi, ambaye darasani naogopa kuomba ruhusa ya kwenda choo, nikawa ndio mdomo wa mashujaa hao wote. Nikinyamaza, wananyamaza.

Cha kumi na nane kilikuwa cha msichana. Wa rika langu, mweusi kama sisi, nywele amesuka mistari. Mto wa mji wao umefurika. Anainama, anashika ukingo wa maji vile mtu anashika shuka, anauinua mto mzima, anajitwika kichwani. Ukurasa huo hauna hata neno. Mji uko chini, watu wadogo kama siafu, na juu yao maji yananing'inia, samaki ndani, mashua ndani, na hakuna tone linalomwagika. Dada, mimi na wewe tumebeba mitungi ya maji kutoka kwa kioski tangu tuko na miaka sita. Hakuna aliyewahi kuniambia hiyo ni nguvu. Niliushika ukurasa huo mpaka Mzee akauliza kama nimelala.

Mama Wangoi akauliza swali lake. Nikawaambia kwamba msichana huyo aliapishwa na jini la mto, akachanjwa chale za damu, ndipo akapewa nguvu. Mama Wangoi aliita jina la Yesu kwa sauti iliyofika barabarani, akanifungia kitabu mikononi. Kikaenda kwa vilivyokataliwa.

Kwa kawaida mimi ndiye hufagia na kutupa takataka kikao kikiisha. Siku hiyo Mzee hakunisubiri. Alivibeba vitabu vyote vilivyokataliwa akampa Gathoni, yule mama anayeuza njugu karanga pale langoni, akisema karatasi ni karatasi. Nilipotoka na ufagio, Gathoni alikuwa ameshaanza kurarua. Anakunja ukurasa mfano wa pembe, anajaza njugu, anafunga juu, anapanga kwenye beseni. Nilisimama tu.

Jumamosi iliyofuata nikakuta foleni kwa Gathoni. Vile vitabu vilivyopita vilikuwa bado vimefungiwa kabatini, lakini hivi vilivyokataliwa Kawangware nzima ilikuwa inavitafuna. Watoto walikuwa wanachagua pembe kwa kuzichungulia, eti mathe, nipatie ile ya msupa amebeba mto. Gathoni anafoka kwamba anauza njugu, hauzi sinema. Wanakula haraka, wananyoosha karatasi juu ya goti, wanabadilishana ukurasa kwa ukurasa na kipande cha muwa juu. Sijawahi kuona watu wakitaka kusoma namna ile.

Mama Wangoi akatoka, akaona, akawaambia karatasi hizo zina jini la mto na atakayelala nazo litamfuata. Wakazitupa kama makaa. Ila kuna mtoto wa miaka saba, Daisy, ambaye alikuwa ameshalala na ukurasa wake chini ya mto wa kitanda siku nne. Tangu hapo hataki kuoga, hataki kwenda kioski, akiona ndoo anapiga nduru. Jana mamake alimleta kwa Mama Wangoi aombewe. Wakamwekea bilauri ya maji mezani wamjaribu, na nikamwona akitetemeka mpaka meno yakagongana.

Christine, sasa nifike pale ninapozunguka tangu mwanzo wa barua hii. Hakuna jini. Hakuna damu. Katika kitabu kile ni nyanya yake ndiye aliyemfundisha kubeba: leo kibuyu, kesho mtungi, halafu kisima, kila asubuhi zaidi kidogo. Ni hivyo tu. Niliisoma vizuri kwa Kiingereza, kisha nikafungua mdomo nikadanganya kwa Kiswahili, kwa sababu nilikitaka. Nilijua vya kukataliwa nitavitupa mimi, na kile ningekitia ndani ya sweta kije Mashimoni kiwe changu peke yangu.

Jana nilisema hayo, mbele ya mtoto huyo na mamake. Nilitazama sakafu lakini nilisema. Mama Wangoi hakunichapa. Aliniuliza kama na vile vingine nilidanganya. Nikasema hapana. Akauliza sasa yeye atajuaje? Afadhali angenichapa. Mzee Kabiru akasema kikao kitatafuta msomaji mwingine, na ni haki yao. Lakini Mama Wangoi akasema nisiondoke hivyo. Mdomo uliomtia mtoto hofu ndio utakaoitoa. Akaita watoto wote ndani.

Kurasa zilizookotwa zilikuwa saba, zina mafuta na chumvi. Nikasimulia, safari hii ukweli. Nilipofika pale pa mto, ukurasa wenyewe haukuwepo, basi nikainua mikono yangu tu juu ya kichwa. Dada, chumba kizima kilitazama juu. Mzee Kabiru pia. Kulikuwa na mabati tu hapo, na misumari, lakini niliona macho yao yakifuata samaki. Daisy alitoa uso kwenye gauni la mamake polepole, akatazama pia.

Mmoja akauliza aliutua wapi huo mto. Nikawaambia sijui. Mwisho wake uliondoka na njugu, na mimi sikuwahi kuufikia. Halafu Daisy akauliza, kumbe bado ameubeba? Nikasema nadhani. Akasimama, akasema basi twendeni tumtue. Akatoka mlangoni, na wote wakamfuata mbio, kuelekea kwa kioski ya maji.

Mama bado hajui, nitamwambia mwenyewe leo akirudi kutoka Silanga. Ken anakusalimu na anaomba usimletee kesi ya kikombe. Wasalimie wenzako wa bwenini, ujifunike vizuri usiku, na ukipata nafasi niandikie, hata kama ni kunikemea.

Ni mimi mdogo wako,
Filister