Kitambaa Juu ya Jiko la Kioo

4 Machi

Kifungua mimba wangu,

Hujambo lakini? Kifua kimeachia? Huku sote wazima, mgonjwa ni jiko lako peke yake.

Ulisema unakuja, ukatuma jiko. Haya, nikameza. Nikautangazia mtaa mzima kwamba mkuu wa wauguzi kamletea mamake jiko la umeme lenye uso wa kioo, halina moshi, unagusa kwa kidole tu. Jirani mshonaji akaja na shoga zake kushuhudia. Nikateleka maharage. Hata hayajachemka, pii! pii! pii! Limezima. Naliwasha, pii! Mshonaji akaniuliza, "Shoga, hilo ni jiko au lori linarudi nyuma?" Wakacheka mpaka machozi.

Aibu hiyo nimeila mchana kweupe. Aliyekuuzia mwambie, kama hanijui atanijua!

Mama yako mzazi

19 Machi

Shikamoo mama,

Mimi mzima, kifua kimepona. Mama, mimi ni nesi tu, huo ukuu umenipa wewe.

Jiko hilo halilii bure. Tazama pale mbele penye alama za kugusa. Pana maji? Mwiko au mfuniko umelala hapo? Futa pakauke. Au ni umri, mama, unajisahau? Nikutafutie msichana wa kukupikia?

Likizo yangu wameisogeza tena. Nisamehe.

Mwanao

2 Aprili

Marahaba.

Mimi nipikiwe? Mimi niliyewalisha wewe na baba yako na ukoo wake wote, na hakuna aliyewahi kubakiza?

Fundi umeme kaja. Kapima nyaya, kapima soketi, kisha kapima chai yangu vikombe viwili, kaondoka. Na pale mbele hapana maji wala mwiko, mimi si mchafu. Pana kitambaa tu, kile chako cha maua mekundu ulichofuma ukiwa darasa la sita. Zamani kilikaa juu ya redio, sasa nimekitandika juu ya jiko. Nikitaka kupika nakikunja, nakilaza mbele, maua yaonekane.

Kwa hiyo tafuta sababu nyingine, na umri wangu uuache.

Mama yako

11 Aprili

Shikamoo mama,

Ni hicho kitambaa! Kinalalia zile alama, jiko linadhani ni mkono wa mtu, linapiga kelele na kujizima. Tena kitashika moto kikuunguze. Kitupe, mama. Kimechakaa, nitakutumia kingine kizuri.

Mwanao

23 Aprili

Marahaba. Mzima, usiniulize zaidi.

Nilikitoa. Nikateleka maharage, yakaiva, jiko kimya kama limefiwa. Mshonaji kala sahani mbili, leo hana utani. Kwa hiyo kupika linapika, nimeona.

Kisha nikalichomoa, nikakirudisha kitambaa mahali pake.

Kitupe! Umetamka hivyo kwa kinywa kilichonyonya hapa? Ulikifuma umeketi miguuni pangu, ukijichoma sindano na kunilaumu mimi. Kwenye jani la pembeni damu yako ipo mpaka leo. Jiko nililetewa na dereva wa mizigo, akataka nitie sahihi. Kitambaa ulinipa kwa mkono wako.

Mimi narudi kwenye mkaa wangu, haujawahi kunipigia kelele. Ukitaka hilo jiko lipike, njoo ukitoe kitambaa mwenyewe. Na usiniambie habari za likizo. Mkuu mzima wa wauguzi anamwomba nani ruhusa?

Usitume kitu. Njoo na njaa.

Mama yako, yuleyule