Masizi kwa Treni ya Kijani

Jumanne, baada ya sala

Yule mnunuzi bado ananikera, ingawa alikuja na heshima. Kati ya treni tatu za zamani za kuchezea alizoniachia marehemu Baba Nekesa, alipenda ile ya kijani. Niliitia ufunguo, ikazunguka meza vizuri.

“Mama, haya masizi nitasugua yatoke,” akasema, akigusa dohani yake, kile kibomba cha kutolea moshi.

Baba Nekesa alikuwa anaweka kipande cha dawa ya mbu ndani ya dohani, anawasha, watoto wanatulia. “Gari la moshi bila moshi ni gari gani?” alikuwa akiwauliza.

Nikamwambia yule mtu achukue zile zingine, hiyo haiuzwi. Hakuzitaka. Akaniachia namba yake, akaenda.

Bwana, unajua vile karo ya Nekesa inaninyima usingizi. Nisaidie kesho nisimpigie simu.