Moshi wa Miraflores

Lima, 20 Februari 1881

Kaka yangu Evaristo,

Nakusalimu kwa upendo, nikiomba barua hii ikukute mzima huko milimani na baridi isikusumbue kifua. Sisi tungali hai. Shangazi Petronila anauliza kama soksi zake zilikufikia.

Bila shaka ulisikia kwamba Baba, pamoja na uzee wake, alijiunga na askari wa akiba kule Miraflores, nje ya Lima. Mimi na Shangazi alituamuru tupande meli ya wageni iliyotia nanga bandarini Callao. Siku ya mapigano nahodha aliisogeza kusini, tukaona yote.

Kaka, vita vikiwa mbali ni kitu kidogo. Moshi hutangulia, ngurumo hufuata, na watu ni sisimizi waliomwagiwa maji. Mwanamke mmoja mwenye darubini alikuwa akitusimulia, mpaka Shangazi akamwambia, “Mama, nipunguzie. Niambie tu, wetu wamesimama?” Yule mwanamke akamnyooshea darubini. Shangazi akageuka. Nikaichukua mimi. Mstari wetu ulikuwa umekatika, watu wanakimbilia Lima. Nikamwomba Mungu kwamba Baba awe miongoni mwa wanaokimbia.

Tuliporudi tulimkuta amekaa mlangoni, koti limeganda damu. Nilipopapasa kutafuta jeraha akanizuia, akasema damu si yake.

Sasa nikuambie lililonifanya niandike. Kitandani mwako amelala Mchile, askari wa adui. Anaitwa Belisario, mkulima wa zabibu, risasi ilimvunja paja. Baba ndiye aliyempiga. Kisha akashindwa kumwacha akilia shambani. Giza lilipoingia akampakia juu ya punda asiye na mwenyewe, akamleta. Nilimsihi amrudishe kwa wenzake, nao sasa wamejaa mjini. Akanijibu, “Nimempiga mimi. Nitamuuguza mimi.”

Shangazi hulalamika kwamba anakula kuliko wewe, lakini humpakulia tena. Belisario naye kila asubuhi alimshukuru Baba, akimwita mwokozi wake, na Baba akawa hamalizi chai.

Jana Baba alimwambia ukweli. Belisario aligeuza uso ukutani, hakula. Jioni akamwita Baba, akamwomba amlaze upande wa pili, maana peke yake hawezi. Baba akamgeuza.

Najua umezika wenzako wengi, wala sikuombi umpende. Ila ukirudi kabla hajaweza kutembea, bisha hodi kwanza.

Baba na Shangazi wanakukumbatia. Mungu akufunike.

Mimi dada yako,
Jacinta